Dawa ya injini: ndani ya chupa kuna nini?

Ukishalipia galoni ya oili na filta kwenye maduka ya spea ya Gerezani, Kariakoo, au yale ya Kirinyaga Road jijini Nairobi, muuzaji huwa hajamalizana na wewe. "Na dawa je, bosi? Hii ukiweka, injini inatulia tuli." Anakuwekea mezani chupa ndogo yenye maandishi ya kung'aa, inayoahidi mambo matano kwa mpigo: kupunguza msuguano, kukata moshi, kuokoa petroli, kusafisha injini na kuirefushia maisha.

Watu huuliza kama dawa hizi zinasaidia gari au zinaliharibu. Shida ya swali hilo ni kwamba linazifunga chupa zote furushi moja. Zimepangwa rafu moja na bei zake zinakaribiana, lakini ndani yake kuna vitu visivyo na undugu. Nyingine ni mafuta mazito tu. Nyingine ni kiyeyushi chenye ukali unaokaribia wa mafuta ya taa. Kuna zenye unga wa plastiki, zenye klorini, zenye zinki, zenye molibdeni. Chache kati ya hizo zina kazi ya maana, tena ya muda. Nyingi hazifanyi lolote unaloweza kulipima. Na zipo ambazo, zikiingia kwenye injini isiyo yake, zitakuachia bili ya gereji.

Tuanze na oili yenyewe, kwa sababu hapo ndipo wauzaji hupita haraka. Galoni unayonunua tayari imetiwa dawa. Takriban asilimia 75 hadi 90 yake ni mafuta ya msingi, yawe yamechujwa kutoka mafuta ghafi au yametengenezwa kiwandani kama sinthetiki. Kilichobaki ni kemikali zilizochanganywa kwa makusudi. Kuna sabuni za kalsiamu au magnesiamu zinazong'oa utando kwenye pistoni na kuua asidi inayotokana na mwako. Kuna kemikali zinazoshika chembe za masizi zisishikane, ndiyo maana oili nzuri hubadilika rangi mapema: uchafu unaelea ndani yake badala ya kuganda kwenye kuta za injini. Kuna polima zinazoizuia oili isiwe nyepesi kupita kiasi ikipata moto, na silikoni kidogo sana ya kuzuia povu. Halafu kuna mchanganyiko wa zinki na fosforasi uitwao ZDDP, ambao umetumika tangu miaka ya 1940. Huo ndio mlinzi wa mwisho. Pale chuma kinapokaribia kugusana na chuma, joto na mgandamizo huufanya ujenge utando mwembamba mno juu ya chuma, na utando huo ndio unaolika badala ya kamshafti, ile shafti inayosukuma vali.

Kemikali hizi hugombania nafasi. Sabuni, ZDDP na zile zinazopunguza msuguano zote zinataka kukaa juu ya uso uleule wa chuma. Ukimwaga moja kwa wingi, nyingine inasukumwa pembeni. Kwa hiyo hoja ya kwamba kama zinki kidogo inalinda, basi zinki nyingi italinda zaidi, haisimami. Ikizidi sana inaweza hata kuanza kukila chuma ilichowekwa ikilinde.

Uwiano huo hupimwa kwenye injini halisi. Ili oili ipewe daraja la API SP (API ni taasisi ya mafuta ya Marekani inayopanga madaraja ya oili), lililoanza kutumika 2020, inapitishwa kwenye mfululizo wa majaribio: moja la utope, yaani oili inayoganda kuwa tope, moja la oili kuzeeka kwa joto, moja la kulika kwa cheni ya taimingi, moja la kulika kwa sehemu zinazosukuma vali, ambalo hufanyika kwenye injini ya Toyota ya lita 1.5. Kila jaribio lina idadi ya saa na kipimo chake cha kufaulu. Sasa ukichukua oili hiyo ukaichanganya na chupa ya dawa, kilichomo kwenye sampo, lile bakuli la oili chini ya injini, ni oili mpya ambayo hakuna aliyewahi kuijaribu popote. Ndiyo maana vitabu vya magari havina maneno mengi juu ya jambo hili. Honda huandika kwamba gari lake halihitaji kiongezeo chochote cha oili, na kwamba viongezeo vinaweza kudhuru utendaji na uimara wa injini. General Motors huandika kwa ufupi zaidi: usiongeze kitu chochote kwenye oili.

Mtu atasema hao wanalinda waranti yao tu. Inawezekana. Basi tuwaache, tutazame yaliyotokea dawa hizi zilipotakiwa kutoa ushahidi.

Marekani ndiko biashara hii ilikokua, na ndiko ilikobanwa. Mwaka 1976 Tume ya Biashara ya nchi hiyo, FTC, iliifunga STP, kampuni ya dawa za oili, kwa agizo kuhusu madai ya matangazo yake. Mwaka 1978 STP ikalipa dola 500,000, na mwaka 1995 kampuni iliyokuwa ikiimiliki ikalipa nyingine 888,000 kwa kukiuka agizo lilelile. Baadaye kidogo zamu ikawa ya Slick 50, iliyokuwa ikitangaza kwamba injini isiyo na dawa yake haina kinga ya maana unapowasha gari asubuhi. FTC ilisema madai hayo hayana msingi, na mwaka 1997 kampuni ikakubali kuyaacha. Kesi ya zMax, dawa nyingine ya injini, ndiyo inayonisisimua zaidi. Mwaka 2001 FTC ilieleza kwamba jaribio ambalo kampuni yenyewe ililitumia kujitangaza lilionyesha oili yenye zMax ilizikwangua beringi kwa kutu zaidi ya mara mbili ya oili isiyo na dawa. Kampuni ilichagua namba nzuri, ikaficha mbaya. Ikamaliza kesi mwaka 2003 kwa dola milioni 1.

Wazo la Slick 50 linastahili kuelezwa kidogo, kwa sababu bado linauzwa kwa majina mengine. Lilikuwa kutia kwenye oili chembe za PTFE, ile plastiki inayowekwa kwenye kikaango kisichoshika chakula. Kiwandani, ili PTFE ishike kwenye kikaango, chuma husafishwa, hukwaruzwa, kisha huokwa kwenye joto linalozidi nyuzi 300. Ndani ya injini yako oili inazunguka kwenye nyuzi 100 hivi, na kila chuma kinaoshwa muda wote na ile sabuni tuliyoitaja. Hakuna mahali pa plastiki kushika. Chembe zinaelea, na zile kubwa zinaishia kwenye filta, ambayo kazi yake ni kuondoa chembe.

Jaribio la mtaani lililo bora zaidi ninalolijua ni la jarida la Consumer Reports, lililotoka 1996. Walichukua teksi 75 za New York zenye injini zilizofanyiwa overhaul, wakaziendesha maili 60,000, yaani karibu kilomita 97,000, kisha wakazifungua na kupima kamshafti na beringi. Baadhi ya teksi zilitiwa dawa za Slick 50 na STP. Hawakuona faida yoyote. Walichokiona kwa STP ni kwamba oili ya 10W-30 ilinenepa ikawa na tabia ya 15W-40 (namba hizo huonyesha uzito wa oili), kitu ambacho ungekipata kwa kununua 15W-40 tangu mwanzo. Jaribio hilo lina mapungufu yake, kwani teksi inayokesha barabarani haiwashwi baridi mara nyingi kama gari la mtu wa ofisini, na uwashaji wa baridi ndio unaochosha injini. Hata hivyo ni kazi nzito kuliko video yoyote utakayotumiwa WhatsApp.

Tukizungumzia video, kuna ile mashine ya mezani. Huenda umeiona kwenye maonyesho au kwenye simu. Mota ndogo inazungusha ringi ya chuma, sehemu ya chini imezama kwenye kidishi cha oili. Juu yake kuna kipande cha beringi kilichofungwa kwenye wenzo. Muuzaji anabonyeza wenzo kwa kidole: chuma kinalia, mota inakwama. Anatoa kile kipande, anakupitishia ukishike mwenyewe, kina kovu bapa lililochimbika na bado ni cha moto. Kisha anadondosha matone ya dawa kwenye kidishi, anaweka kipande kipya, anauning'inia wenzo kwa uzito wake wote. Mota inaunguruma tu, haikwami. Watu wanatoa pochi.

Hakuna kiini macho hapo, mashine inasema kweli. Ila inajibu swali lingine. Dawa nyingi zinazong'ara kwenye meza hiyo zina parafini zenye klorini, ambazo chini ya mgandamizo mkali wa nukta moja hutengeneza utando wa chumvi ya chuma. Utando wa namna hiyo ni mali kwenye kukata vyuma na kwenye gia zinazokamuana. Krenki ya injini yako, ile shafti kubwa inayozungushwa na pistoni, haiishi hivyo. Ikizunguka, inaelea juu ya filamu ya oili inayosukumwa na pampu, bila kugusa beringi. Ukiipa ulinzi dhidi ya hali isiyoifikia, hujaipa kitu. Na klorini ikikutana na joto na unyevu wa ndani ya injini inaweza kuzaa asidi ya hidrokloriki, ambayo chakula chake ni beringi. Kwa wanaopenda ushahidi wa kuchekesha: watu wamerudia onyesho hilo kwa shampuu ya kichwa, na mashine ikazunguka vizuri tu. Sijasikia fundi anayejaza injini shampuu.

Sasa twende kwa zile zinazofanya kitu.

Ya kwanza ni ile nzito inayovutika kama asali, inayouzwa kwa ajili ya gari linalokula oili. Hii ni polima, mara nyingine pamoja na zinki. Inafanya kazi kwa maana moja tu: oili ikiwa nzito, inapenya polepole kwenye ringi zilizochoka na kwenye sili za vali, na kelele za vyuma vilivyolegea zinapungua. Moshi wa bluu unaweza kukatika kwa wiki kadhaa. Ringi zimebaki vilevile. Na unalipia kwa njia nyingine: asubuhi oili nzito inachelewa kufika juu kwenye kamshafti, na injini za kisasa zenye vali zinazobadilika taimingi kwa nguvu ya oili, kama VVT-i ya Toyota, zina vijia vyembamba vilivyopigiwa hesabu ya oili nyepesi.

Hapa inafaa kutaja injini mbili ambazo nusu ya wasomaji wanazo. 1ZZ-FE za mwanzoni, zilizokuja kwenye Allion, Premio na ndugu zake wa lita 1.8, na 2AZ-FE ya lita 2.4 iliyomo kwenye Harrier, Alphard na RAV4, zote zina historia ya kula oili. Chanzo kiko kwenye pistoni: vitundu vya kurudishia oili chini ya ringi vinaziba kwa kaboni, ringi zinaganda, oili inabaki ukutani mwa silinda na kuungua. Kwa 2AZ-FE, Toyota Marekani ilifikia kuanzisha mpango wa kubadilisha pistoni na ringi kwa magari yaliyothibitika kula zaidi ya kwati moja, karibu lita moja, kila maili 1,200. Ukiwa na injini ya namna hii, polima haigusi ugonjwa. Kinachoweza kusaidia kidogo ni kisafishaji cha taratibu kinacholegeza ringi zilizoganda, au oili nzuri ya sinthetiki inayobadilishwa mapema kwa vipindi kadhaa. Nimesema kinachoweza. Vitundu vikishaziba kabisa, dawa yake ni kushusha injini.

Ya pili ni dawa ya kuzuia kuvuja. Ndani yake kuna kemikali zinazolainisha na kuvimbisha mpira wa sili uliokakamaa kwa uzee. Kwa gari la miaka 20 linalodondosha matone kwenye sili ya nyuma ya krenki, ambako kuifikia ni lazima gia boksi ishuke, naona si ujinga kujaribu chupa moja. Haitaponya gasketi iliyopasuka, na ukizidisha, mpira unalainika mpaka unakuwa kama jojo, ukarudi kuvuja kuliko mwanzo.

Ya tatu ni ya kuoshea injini, unayoimimina dakika chache kabla ya kumwaga oili kuukuu. Binamu yake wa gereji ni dizeli au mafuta ya taa, ambayo mafundi wengi bado wanayatumia. Kwenye injini safi haina cha kuosha. Kwenye injini yenye utope mzito ndipo hatari ilipo: utope hauyeyuki wote, unabanduka vipande vipande, vinashuka kwenye sampo na kuziba chujio la pampu ya oili. Taa nyekundu inawaka kwenye dashibodi, na injini iliyokuwa ikienda na uchafu wake kwa miaka inakwama ndani ya siku chache. Harrier za kizazi cha kwanza zinafaa kuangaliwa hapa. Injini zake za 5S-FE na 1MZ-FE ndizo zilizoilazimu Toyota, mwaka 2002, kutoa mpango maalumu wa matengenezo huko Marekani kwa sababu ya utope, ikihusu magari zaidi ya milioni 3. Ukifungua kifuniko cha oili ukakuta utope mzito kama lami, usimwage kiyeyushi. Fungua sampo, lisafishe chujio kwa mkono, kisha badilisha oili mara mbili tatu kwa vipindi vifupi, uiache sabuni iliyomo kwenye oili ifanye kazi yake polepole.

Dawa za molibdeni na za namna hiyo zinapunguza msuguano kweli maabara, ila oili nyingi nyepesi za Kijapani tayari zinazo. Sitakawia hapa.

Tuhamie kwenye madhara, na tuanze na bodaboda, kwa sababu huko ndiko hasara inakoonekana upesi. Kwenye Boxer au TVS, oili ni moja, lita moja na ushee, na ndani yake zinaogelea injini, gia na sahani za klachi. Klachi inahitaji msuguano. Ukitia dawa ya kuondoa msuguano, inafanya ilichoahidi: klachi inateleza. Ukipandisha mlima na abiria, injini inapiga kelele, pikipiki haiendi. Dereva anadhani sahani zimeisha, ananunua mpya, nazo zinateleza. Wajapani walishaweka kiwango kwa ajili ya jambo hili, JASO MA na MA2, maandishi madogo nyuma ya chupa ya oili ya pikipiki. Dawa za magari hazina alama hiyo.

Kwenye dizeli zenye chujio la masizi kwenye ekzosi, kama Mazda CX-5 za dizeli zinazoshuka kwa wingi kutoka Japani, tatizo ni majivu. Zinki, kalsiamu na fosforasi zikiungua zinaacha majivu yasiyoungua tena, yanajaa kwenye chujio na hayatoki kwa kuendesha safari ndefu. Gari hilo limepewa oili maalumu yenye majivu machache, halafu mtu anairudishia majivu kwa chupa. Kwenye petroli ni masega ya ekzosi, yale yanayosafisha moshi, yanayoathirika, kwa sababu fosforasi huyafunika yakaacha kufanya kazi. Hiyo ndiyo sababu oili nyepesi za petroli, tangu kiwango cha GF-4 cha mwaka 2004, zimewekewa kikomo cha fosforasi cha asilimia 0.08. Na kwa injini ndogo za turbo zinazonyunyiza petroli ndani ya silinda, kama Volkswagen za TSI, sabuni ya kalsiamu ikizidi huchangia mwako wa kabla ya wakati unaoweza kupasua pistoni. Daraja la API SN Plus la 2018 lilikuja mahsusi kwa tatizo hilo.

Wenye Peugeot 504 au Land Rover za zamani watanikumbusha kwamba kamshafti zao zinapenda zinki, na oili za leo nyepesi zimepunguzwa. Wako sahihi. Ila hata wao hawahitaji chupa: oili ya 15W-40 ya dizeli ya daraja la CI-4 kwa kawaida ina zinki ya kutosha, na iko kila kituo cha mafuta.

Mahali ambapo dawa nzito hufanya kazi kwa uhakika kabisa ni kwenye kuuza gari. Injini inayogonga na kutoa moshi hutiwa chupa mbili, mnunuzi anakuja saa tano asubuhi, anaikuta tayari imeshapashwa moto, inanguruma kwa adabu. Ukienda kuangalia gari, mwambie muuzaji asiliwashe kabla hujafika. Shika boneti na mkono wako uone kama ni baridi. Toa stiki ya oili, ifute, itumbukize tena, kisha itazame ikidondosha: oili ya kawaida inatiririka na kukatika, iliyotiwa polima inavuta uzi. Washa, usikilize sekunde kumi za kwanza. Liache liunguruma bila kukanyagwa mafuta dakika tano, kisha mtu akanyage mafuta ghafla wewe ukiwa nyuma ya ekzosi. Moshi wa bluu wa hapo mara nyingi ni sili za vali, na hata oili nzito huwa haiufichi wote.

Kama fedha ya chupa inakuwasha mfukoni, kuna mambo mawili ambayo kwa maoni yangu yanaharibu injini nyingi hapa kwetu kuliko ukosefu wa dawa: oili feki na oili iliyopitiliza muda. Oili kuukuu iliyochujwa kwa kitambaa na kurudishwa kwenye galoni yenye nembo nzuri haina sabuni wala zinki iliyobaki, na hakuna chupa itakayoifufua. Nunua kwa wakala unayeweza kumrudia, kagua kizibo na alama ya TBS au KEBS, na ukimaliza kumimina, toboa galoni kabla ya kulitupa ili lisijazwe tena.

Na kama umeshaweka dawa, usipaniki. Ikiwa ni ile nzito, endelea na gari, umwage oili mapema kuliko ratiba. Ikiwa lebo inataja klorini au parafini zenye klorini, mwaga wiki hii, na ubadilishe filta pia. Pikipiki iliyoanza kuteleza klachi, mwaga oili, weka ya MA2, iendeshe siku kadhaa, mwaga tena. Mara nyingi klachi hurudi bila kununua sahani.